Albamu Tatu, Mgeni Rasmi Mmoja

Bango lilinifikia kwenye simu nikiwa napeta mchele, na nilipomaliza kulisoma nusu ya mchele ilikuwa chini. Katikati ya bango palikuwa na uso wa Mheshimiwa, mkubwa, unatabasamu. Chini yake, tumepangwa kama stempu kwenye bahasha, tulikuwa sisi watatu: mimi Loisi na bendi yangu ya roki, Mzee Halfani na bendi yake ya jazi, na Naima na kompyuta yake. Maandishi yalisema: UZINDUZI WA ALBAMU TATU, SIKU MOJA, UKUMBI MMOJA. Utadhani ni ofa ya sabuni.

Siku ile ilikuwa yangu. Niliichagua mimi, Jumamosi ya mwezi wa nane, mtama umeshavunwa na wanawake wa Mlali wana nafasi ya kupumua. Kwenye mitandao pia nilikuwa nimeshaiandika kuwa ndiyo tarehe ya albamu kutoka. Sikuichagua ili nigawane na mtu.

Albamu yenyewe ina wimbo mmoja mkubwa na nyingine ndogo za kuusindikiza. Huo mkubwa unaitwa "Vumbi la Mlali" na unakaribia nusu saa. Abeli, mpiga gitaa wetu, anasema aina hii ya muziki ni progresivu. Mimi nasema ni roki isiyo na haraka: inaanza polepole, inapanda, inageuka, inabadilisha mwendo, na ukitaka kujua ilikuwa inakwenda wapi inabidi usubiri mwisho. Redio hazitaki kuisikia. Wanauliza kiitikio kiko wapi.

Mimi napiga muheme, zile ngoma za wanawake wa Kigogo za kubana katikati ya mapaja. Nilifundishwa na mama yangu, Emiliana, anayeongoza kundi la wapigaji kule Mlali. Miaka saba iliyopita niliondoka nyumbani na ngoma yake mgongoni, nikaja Dodoma kuipiga katikati ya magitaa, na tangu siku hiyo mama hajanikaribisha ndani ya nyumba yake. Tatizo lake si magitaa. Tatizo lake ni mimi.

"Wewe ni mtu wa kuanza, Loisi," huwa ananiambia. "Kumaliza huwezi."

Ana orodha. Chuo cha ualimu nilikianza nikakiacha. Ushonaji niliuanza nikauacha. Mchumba wa Kibaigwa alikuja mpaka na wazee wake, posa ikapokelewa, nikaghairi. Nimechoka kumweleza kwamba chuo kilinishinda ada na mchumba alinishinda tabia. Kwa mama, sufuria ikitolewa jikoni kabla ya kuiva, sababu haifanyi ugali ulike.

Kwa hiyo nilipomwomba aje na kundi lake kupiga nusu ya pili ya "Vumbi la Mlali" siku ya uzinduzi, nilikuwa naomba jambo zito.

"Nitakuja," akasema. "Lakini mimi nikianza, namaliza. Nataka nikuone na wewe unamaliza kitu, kwa macho yangu."

Nilikwenda Mlali mara tatu kuwafundisha. Mazoezi tulifanyia uani mwa kanisa, si kwake. Kulala nililala kwa mama mdogo, maana mama alisema nyumba yake ina wageni, na mama mdogo akaniambia hakuna mgeni hata mmoja. Nikameza.

Mwendo wa wimbo uliwasumbua mwanzoni, kwa sababu tunahesabu saba pale ambapo sikio linangoja nane.

"Hii ngoma yako inachechemea," mama akasema.

"Ni saba, mama. Hesabu saba."

"Sihesabu. Nasema inachechemea."

Siku ya pili kundi zima lilikuwa linachechemea vizuri kuliko Abeli. Kulikuwa na mahali kila mzunguko ambapo wote wananyamaza, na ngoma yangu peke yake inajibu. Mama alipafikia, akasimamisha mkono hewani.

"Hapa mbona patupu?"

"Hapo najibu mimi."

"Na usipojibu?"

"Nitajibu, mama."

Akanitazama kama mtu anayekagua maharage ya kununua, kisha akasema turudie.

Sasa unaelewa kwa nini lile bango lilinichoma. Niliwapigia simu Halfani na Naima, tukakutana studio hapa Chang'ombe, kile chumba nyuma ya duka la vifaa vya umeme ambako sote watatu tulirekodi kwa zamu. Niliingia nikiwa nimeshachemka.

"Nani kaiba tarehe yangu?"

"Tarehe ya Mungu hiyo," Mzee Halfani akasema. Ni Mrangi wa Kondoa, mpiga tarumbeta, mtu wa kofia safi na viatu vilivyopigwa rangi. "Mimi niliambiwa na watu wa Mheshimiwa kwamba ana Jumamosi hiyo tu. Nikaandika Jumamosi hiyo."

"Mimi pia," Naima akasema kwa sauti ndogo. Naima ni mdogo wetu, amemaliza chuo kikuu juzi, na muziki wake wote unatoka kwenye kompyuta: anarekodi mashine za kukoboa mpunga za Bahi, vyura wa bwawa, milio ya bodaboda, kisha anavikatakata na kuvishona upya.

Hapo ndipo mambo yakaeleweka, na aibu ikatugawanyikia sawasawa. Kila mmoja wetu alikuwa amemwalika Mheshimiwa kwa siri. Halfani alipitia kwa shemeji yake. Naima alipitia kwa mwalimu wake. Mimi nilipitia kwa shangazi, anayeimba kwaya moja na Ludovick, msaidizi wa Mheshimiwa. Kwani mji huu nani anazindua kitu bila mgeni rasmi? Kisima kina mgeni rasmi. Saluni ina mgeni rasmi. Albamu isiyo na mgeni rasmi ni kama mtoto asiye na jina, hata ndugu zako watakuuliza itatoka lini ilhali wameshaisikiliza. Na waheshimiwa wamejaa Dodoma, unapishana nao sokoni, ila sisi watatu tulimwangukia mmoja, kwa sababu ndiye pekee aliyewahi kusema redioni kwamba anapenda muziki.

Ludovick alipopokea maombi matatu ya albamu, akayafunga furushi moja. Kwake yeye muziki ni muziki.

"Basi ahirisheni nyinyi," nikasema.

"Nimengoja miaka ishirini kutoa rekodi hii," Halfani akasema. "Wenzangu wawili nilioanza nao wamelala makaburini. Niahirishe ningoje na mimi?"

Naima alitikisa kichwa.

Abeli, ambaye kichwa chake kimejaa tarehe za rekodi za Ulaya na Marekani, akajaribu kutuliza. "Jamani, huko duniani kuna siku ilitoka albamu ya roki, ya jazi na ya elektroniki, siku hiyohiyo moja, na zote zikawa kubwa. Hakuna aliyemfuata mwenzake na panga."

"Huko walikuwa na mgeni rasmi mmoja?" nikamuuliza.

Akarudi kukaza nyuzi za gitaa lake.

Jumamosi ilipofika, wanawake wa Mlali walikuwa wa kwanza kuingia ukumbini. Walikuja na Coaster ya kukodi, wamevaa khanga za sare, na kila mmoja amebeba ngoma yake mwenyewe, hawataki kusaidiwa. Mama akachagua kiti cha mbele pembeni, akaiweka ngoma katikati ya magoti na kuikumbatia. Nilimpelekea soda akakataa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mlisema mnaanza saa ngapi?"

"Saa nne."

"Sasa hivi saa ngapi?"

"Saa tano."

"Haya," akasema, na hiyo haya ilikuwa na kesi nzima ndani yake.

Saa sita mgeni rasmi hajafika. Watu wakajipepea kwa kadi za mwaliko. Dereva wa Coaster akaja kuniambia kwamba jioni ana harusi ya kubeba Kongwa, hawezi kungoja milele. Nikamwambia mgeni yuko njiani. Nilikuwa nimeambiwa hivyo na Ludovick, ambaye alikuwa ameniambia hivyo tangu saa nne, kwa tabasamu lilelile.

Ludovick ni kijana nadhifu, suti ya bluu, na ile siku alikuwa pia ndiye mshereheshaji. Alinionyesha ratiba. Kulikuwa na sala, utambulisho wa meza kuu, utambulisho wa wageni wengine, wasifu wa mgeni rasmi, risala, hotuba, keki, na mahali fulani katikati, kwa herufi ndogo, burudani: dakika kumi kila msanii.

"Kaka, wimbo wetu unakaribia nusu saa."

"Dada Loisi, nusu saa hata mahubiri ya kwetu hayafiki. Pigeni kile kipande kitamu."

"Hakuna kipande kitamu. Utamu uko mwisho."

"Basi anzeni mwisho."

Alisema hivyo kwa nia njema kabisa, na hilo ndilo lililonifanya nitake kumtwanga na kiti.

Nikaenda kwa wenzangu kuomba. Naima hakufikiria mara mbili. "Chukua zangu, dada. Muziki wangu hauna mwisho, unazunguka tu. Nitauweka watu wakila." Halfani alikataa. Alikataa kwa adabu, amevua kofia, lakini alikataa. "Mdogo wangu, dakika kumi ndizo nilizopewa na dunia. Usiniombe." Nilimchukia kwa kuwa na haki.

Tulikuwa na ishirini, basi. Abeli akasema tukikaza mwendo na kuruka utangulizi, labda.

Mheshimiwa akaingia saa nane, tukasimama. Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema. Wenyeji tulikuwa tumebaki mifupa. Ludovick akatangaza kwamba itifaki imezingatiwa, kisha akamtaja kila mtu mmoja mmoja aliyekuwa meza kuu, na kila aliyetajwa akasimama na kupunga mkono, na mmoja wao akaomba kusema machache.

Halfani ndiye aliyetangulia, kwa umri. Na kilichoniudhi kuliko yote ni kwamba alipiga vizuri. Alianza chini kabisa, tarumbeta inaongea kama mtu anayebisha hodi kwa jirani asubuhi, kinanda kikamfuata, besi ikamfuata. Kisha akafumba macho. Mpiga jazi akifumba macho, umekwisha. Dakika zake kumi zikapita akiwa bado anaulizana maswali na kinanda. Ludovick akapunga karatasi, akapunga mikono, akapunga leso, lakini utampungiaje mtu aliyefumba macho? Ukumbi ulikuwa umetulia, na kila noti tamu aliyoitoa nilijua inakatwa kwenye mwili wa wimbo wangu. Alipofumbua macho hatimaye, watu walisimama kumpigia makofi. Mimi pia nilipiga, kwa hasira.

Tukapanda sisi. Tuliruka utangulizi. Abeli aliuendesha wimbo kama dereva aliyechelewa feri, na tulipofika pale unapogeuka, nikamwona mama ananyoosha mgongo. Akainua mkono mmoja. Wanawake wakaingia.

Nimezaliwa ndani ya sauti ile, lakini sikuwahi kuisikia na besi chini yake. Ukumbi ulitikisika. Ule mwendo wa kuchechemea, ambao watangazaji wote waliniambia hautachezeka, watu waliuchezea mabega papo hapo bila kufundishwa. Tukafika kwenye pengo la kwanza, wote wakanyamaza, nikajibu. Mama akaitikia kwa kichwa mara moja. Kwa mama yangu hiyo ni sherehe.

Kabla ya pengo la pili nikamwona Ludovick anamnong'oneza Mheshimiwa, na Mheshimiwa anatazama saa, anafunga kifungo cha koti. Akasimama.

Meza kuu yote ikasimama. Ukumbi ukasimama. Na mama yangu, mwanamke ambaye akianza anamaliza, akainua kiganja, na ngoma za Mlali zikakoma zote kwa pamoja.

Mimi sikukoma. Nilimtazama machoni nikaendelea kupiga, peke yangu, Abeli naye ananifuata kwa woga. Mama akainuka, akaja mpaka nilipokaa, akaweka kiganja chake juu ya ngozi ya ngoma yangu. Sauti ikafa chini ya mkono wake.

"Mgeni kasimama," akasema.

Hotuba sitaisimulia yote. Alitusalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi!" na ukumbi ukaitikia. Akashukuru kwa kwaya nzuri ya kina mama. Akasema sanaa ni ajira. Halafu wakaleta albamu zetu tatu, flashi tatu zilizofungwa utepe mmoja mwekundu, akaukata kwa mkasi mmoja, akasema amezizindua rasmi, akapiga picha na sisi, akatoka. Alikuwa na uzinduzi mwingine. Kati ya kusimama na kuondoka kwake hapakufika muda wa pumzi tatu za Halfani.

Nilimfuata mama nje. Wanawake walikuwa wanapakia, dereva anapiga honi.

"Wewe ndiye uliyesema ukianza unamaliza," nikamwambia. Sikumwita hata mama. Sauti yangu ilikuwa juu na sikuona aibu. "Miaka yote unanisimanga mimi! Leo nani kaacha njiani?"

"Mgeni akisimama, wenyeji wanasimama," akasema. "Hilo nilikufundisha kabla ya ngoma."

"Kwa yule? Hata hajui tulichokuwa tunapiga!"

"Kutojua kwake ni kwake. Adabu ni ya kwangu." Akapanda ngazi ya gari, kisha akageuka. "Na sikusema nimemaliza."

Sikusikiliza. Nilikuwa nimeishika ngoma yangu kwa mikono miwili, ile niliyoondoka nayo nyumbani, nikaisukuma ndani ya Coaster juu ya mabegi. "Chukua na hii! Ni yako toka zamani. Mimi si mtu wa kuanza? Basi nimeanza, nimeacha."

Mama aliitazama ngoma, akanitazama mimi. "Nitaichukua," akasema. Mlango ukafungwa.

Nikarudi ndani. Watu walikuwa wanakula pilau, na kwenye spika muziki wa Naima ulikuwa unazunguka, mashine ya kukoboa inakwenda, vyura wa Bahi wanaitikia, kitu kizuri cha ajabu ambacho hakuna aliyekuwa anakisikiliza. Bwana mmoja wa meza ya pembeni akapaza sauti akiwa na mnofu mdomoni: "Hebu wazimeni hao vyura, mtuwekee muziki!"

"Huo ndio muziki!" nikamfokea. "Umekuja uzinduzi wa nini wewe? Wa pilau?"

Akarudi kwenye sahani yake. Karibu saa nzima baadaye, watu bado wanakula, Naima alikuja kukaa karibu yangu, amekunja miguu kwenye kiti cha plastiki. Mzee Halfani naye akavuta kiti, akakaa kiti kimoja mbali nami, kama mtu asiyejua kama anakaribishwa. Naima akanionyesha simu yake. Albamu zetu zilikuwa zimeshatoka kwenye mitandao, tatu zimefuatana, tarehe ile moja, na chini yake nyingine na nyingine za nchi zisizojulikana, mamia, zote zimetoka leo.

"Tumefuatana, dada. Angalia."

"Naona," nikasema. "Tumefuatana kwenda kusikojulikana."

"Nilizidisha," Halfani akasema ghafla, anaongea na kofia yake. "Nilifumba macho nikawaona wale wenzangu wawili. Nisamehe."

Nilitaka kumwambia sisamehi. Nilikuwa nimeshafungua mdomo, na simu ikaita. Ilikuwa namba ya mama.

"Tuko hapa Mbande," akasema. Nyuma yake kulikuwa na upepo na lori lililopita. "Gari limepata pancha, dereva anaziba. Sisi tumeshuka. Tunamaliza."

"Mnamaliza nini?"

"Loisi, usiniulize maswali ya kitoto. Mwenzetu Swaumu anashika simu. Kaa tayari na mahali pako."

Ngoma zikaanza, kule kando ya barabara kuu, ndani ya kisimu changu, nyembamba na mbali, lakini zilikuwa zenyewe. Walianza palepale walipokatishwa. Walichechemea bila kukosea. Nikaiweka simu mezani, nikafungua spika yake, na mikono yangu ikatafuta ngoma katikati ya mapaja yangu ikakuta hewa. Ngoma yangu ilikuwa Mbande, juu ya mabegi, nimeipakia mwenyewe kwa kiburi changu.

Naima alikuwa ameshakimbia kuzima muziki wake. Halfani alisimama juu ya kiti, na viatu vyake vya rangi, akaunguruma, "Kimya! Kila mtu kimya!" kwa sauti ambayo sikujua anayo, na ukumbi mzima ukashika vijiko hewani. Abeli akanipa ndoo ya plastiki waliyonawia mikono. Nikaimwaga maji, nikaibana magotini.

Pengo likafika. Kule Mbande wote wakanyamaza. Walinyamaza kwa muda wangu kamili, upepo tu unasikika, hakuna aliyenifidia. Nikajibu kwenye ndoo. Ngoma zikarudi. Pengo likafika tena, nikajibu tena, na sasa machozi yalikuwa yananitoka na sikuwa na mkono wa kuyafuta.

Tukaanza kupanda kwenda mwisho. Kwenye mwisho kuna mzunguko ambao sijawahi kuupiga mbele ya watu, nimeutunga mwenyewe, ngoma zote zinaniachia mimi na mimi ndiye ninayefunga. Tukapanda, tukapanda, wanawake wakaanza kupunguza mmoja mmoja kama nilivyowafundisha.

Simu ikakata. Mtandao. Kioo kikawa cheusi, na ukumbi mzima unanitazama mimi na ndoo.

Niliapiza mitandao yote ninayoijua. Kisha nikaendelea. Nikapiga ule mzunguko wa mwisho bila ngoma za Mlali, bila gitaa, kwenye ndoo iliyonuka sabuni, kwa kasi yake halali, bila kuruka chochote. Nilipopiga pigo la kufunga nikaweka kiganja juu ya plastiki, kama mama alivyofanya.

Watu wakapiga makofi. Sikuwa nawatazama. Nilikuwa natazama simu, nampigia, hapatikani, nampigia, hapatikani. Mpaka viti vikaanza kukusanywa ndipo ikaita.

"Ilikatika," mama akasema.

"Ilikatika, mama. Lakini mimi nilimaliza. Niliupiga wote mpaka mwisho. Waulize watu hapa."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho, mama. Haki ya Mungu."

Niliusikia mlango wa gari, na wanawake wakicheka kwa mbali.

"Sikuusikia," akasema. "Kwa hiyo kwangu bado. Ngoma yako ninayo. Ifuate nyumbani."